Njugu Zilizoota Chini ya Mkuyu

Alikuwako Kuchakuro, na alikuwako Nyani aliyependa kushinda mabishano kuliko kunywa maji. Mwaka huo kidimbwi kilikauka, wanyama wakatafuta wa kuwaongoza hadi chemchemi iliyowaokoa ukame uliopita.

"Njia naikumbuka," alisema Kuchakuro.

Nyani akaruka akasimama. "Msahaulifu huyu atatuua! Msimu uliopita alifukia njugu zake, kisha hakuzifukua. Nendeni chini ya mkuyu wangu mkaone miche ilivyojaa. Njugu iliyoota ni njugu iliyosahauliwa. Asiyekumbuka chakula chake atakumbukaje maji?"

Wanyama wakaguna kukubali. Miche kila mmoja alikuwa ameiona.

Kakakuona, mwamuzi wao, hakuwa na haraka na jambo lolote. "Nyani, ulimwona akizitafuta akazikosa?"

"Kuzitafuta? Tangu azifukie hajawahi hata kusogea karibu, mzee! Nami nashinda juu ya mkuyu ule mchana kutwa."

"Kuchakuro, kwa nini hukuzifuata?"

"Nazikumbuka zote, mzee, hata ile iliyo kando ya mzizi uliopasuka. Ila kila nikitaka kwenda, nakumbuka pia jinsi Nyani, nilipokwisha kuzifukia, alivyomkata ndugu yangu mkia kwa sababu ya njugu moja."

Wanyama wakamgeukia Nyani. Nyani akaanza kujikuna.

Kakakuona akainuka taratibu. "Kuchakuro, tangulia. Nawe Nyani, kaa nyuma kabisa ya msafara, asije Kuchakuro akaikumbuka njia akaogopa kuipita."