Koti la Mzee Taratibu

Kila Jumapili saa nane mchana, Mzee Taratibu alizeeka kwa dakika ishirini.

Alizeekea stoo ya hoteli moja pale Lushoto, katikati ya kreti za soda na magunia ya viazi. Wigi la mvi, masharubu ya gundi, miwani myeusi, poda kidogo kwenye nyusi. Mwisho koti jekundu la mahameli. Lilimpwaya mabegani, ikabidi Edgar, meneja wake, alibane kwa pini mgongoni.

"Midomo tu," Edgar alimkumbusha, kama kila wiki. "Ukiongea na mtu, tumekwisha."

Mzee Taratibu alibuniwa na mwimbaji wa roki aitwaye Alen. Alen huyo alipiga kelele jukwaani miaka tisa, na mashabiki wake wote wangetosha kwenye pikapu moja. Siku moja, kwa mzaha, akavaa koti la mtumba, akajifanya babu, akarekodi albamu nzima ya nyimbo za dansi za zamani kwa sauti laini, ya kubembeleza. Akawaapisha wenzake wa bendi wasimtaje. Sasa albamu hiyo ilipigwa redioni toka Mlola mpaka Bulwa kwenye mashamba ya chai, na watu wazima walivaa vizuri wakaja na wake zao kumwona babu anayeimba kama enzi zao.

Jumapili hii zilipigwa nyimbo nane. Muziki ulitoka kwenye spika, kama ilivyo kawaida ya maonyesho ya mahotelini, naye akafuatisha kwa midomo, akipita meza za mbele na kuwashika mikono akina mama. Ukungu ulipoanza kuingia bustanini aliinama, akapigiwa makofi, akarudi stoo. Hakuwahi hata kufungua kifungo.

"Shikamoo babu!" Mwanasha, mhudumu wa hoteli, alisimama mlangoni anacheka. Yeye na huyo babu walikuwa rika moja. "Nimekuletea mzee mwenzio. Yuko getini tangu asubuhi, chai hataki, soda hataki. Nani mkubwa mtajuana wenyewe."

Aliyeingia alikuwa mzee kweli. Suti ya kanisani, viatu vya mvua vyenye matope, fimbo, na macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho.

"Naitwa Nikodemo," alisema. "Mwinjilisti mstaafu, Mlola. Wewe huna haja ya kuniuliza jina, ila hawa hawanijui."

Mzee Taratibu alisimama.

"Hata shikamoo?"

Edgar aliweka kidole mdomoni.

"Haya. Ni haki yako."

"Shikamoo mzee wangu," Edgar aliwahi kuingilia. "Msanii amechoka kidogo, labda siku nyingine..."

"Marahaba, mwanangu. Nipishe kidogo. Haya maneno nimetembea nayo miaka kumi na miwili."

Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa Mzee Taratibu, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Nimekusikia redioni, Alen. Watu wanasema babu, babu. Babu gani? Kabla ya kiitikio unavuta pumzi mara mbili, ndogo halafu kubwa. Ulianza kwenye kwaya ya watoto, mwalimu akakuchapa ukashindwa kuacha. Na leo umevuta. Nimekaa pale nje nimesikia."

Akahamia Kishambaa. Alisema maneno mengi, taratibu, na mwishoni sauti ikapanda kama anayeuliza. Akasubiri jibu. Mzee Taratibu alimtazama Edgar, kisha akatazama chini.

"Na Kishambaa nacho umekitupa?" Mzee Nikodemo alitikisa kichwa. "Sikulaumu. Gitaa lako nililipasua kwa shoka mbele ya washarika, nikakwambia usikanyage kwangu. Nilidhani naokoa roho yako. Nilikuwa naokoa jina langu. Nisamehe, mwanangu."

Kidole gumba chake kilikuwa kikipita juu ya kiganja alichokishika. "Una sugu. Kazi hii nayo ni jembe, kumbe."

"Jamani kaka," Mwanasha alisema mlangoni. Hakuwa anacheka tena. "Mjibu baba yako."

Mzee Taratibu alijaribu kuuvuta mkono wake, mzee hakuuachia. Jasho lilikuwa likimchorea michirizi ya poda mashavuni.

"Sikuja kwa ajili yangu," alisema mzee. "Mama yako hospitali wamemrudisha nyumbani. Wamesema tukae naye tu. Siku ya nne leo hajala, na hafi. Anakungoja wewe. Akina mama wa jumuiya wanaimba, wanaomba, yeye anauliza Alen yuko wapi. Gari la Mlola la leo limeshaondoka, la kesho sijui kama litamkuta."

Akatoa simu ndogo mfukoni, ya vibonyezo, akabonyeza kwa kuhesabu kwa kidole. Iliita mara moja tu. Huko upande wa pili kulisikika wanawake wakinyamazishana.

"Hutaki kusema na mimi, usiseme. Sema naye yeye. Neno moja tu, aende."

Simu ikawekwa sikioni chini ya wigi la mvi. Edgar alikuwa akitikisa kichwa: hapana, hapana.

"Alen?" Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyelala. "Ni wewe, mwanangu?"

Kwa mkono mwingine alivua miwani. Akamtazama yule mzee asiyeona, aliyesogeza sikio karibu na kuacha kupumua.

"Nipo, mama," alinong'ona Rashidi, mpiga dramu wa ile bendi, ambaye mwezi uliopita alishika moja ya kamba nne zilizomshusha Alen kaburini Dar es Salaam, pasipo ndugu hata mmoja, kwa kuwa Alen alikuwa amewaambia wote kwamba wazazi wake walishakufa.