Chumba cha Nyasungwa

"Redio si mtu, Bi Mkunde! Hata ukiiwasha kutwa kucha, ukuta haudanganyiki!" Mama Shija alifoka, mikono kiunoni.

"Na wewe uliyeazima wajukuu wa shangazi yako waje kukukoromea, je?"

Majirani barazani wakaangua kicheko. Bi Mkunde hakucheka. Kila mtu Singida alijua kuta za nyumba za umma husikiliza pumzi, na chumba kisicholaliwa husogezwa upande wa jirani mwenye watu wengi. Cha bintiye Nyasungwa, aliyeolewa Tunduma, hakikulaliwa tangu masika; redio tu ndiyo aliyoiacha ikiongea humo. Kikienda, Nyasungwa akija atalala wapi? Na akikosa pa kulala, atakuja kweli?

Wangali wakirushiana maneno, ukuta ukasogea taratibu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Bi Mkunde alipoingia ndani alikuta amebakiwa na kitanda chake na jiko. Ng'ambo ya ukuta watoto waligombania pa kulala kwa vicheko.

Jioni Mama Shija akabisha hodi, sauti imepoa. "Dada, hasira hasara. Nimesonga ugali wa mtama, na mlenda upo." Akamshika mkono hadi chumba kilichokuwa cha Nyasungwa, ambako mkeka ulishatandikwa. "Pita tule, usisimame mlangoni kama mgeni. Hapa ni kwako."