Fyuzi ya Siku ya Posa

Tuncay alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, suti mpya ya kuposea mwilini, ndara za wageni zenye maua miguuni, tai ameitupa begani, na pua yake ikikaribia kugusa nyaya ndani ya boksi la chuma. Shada la maua na chokoleti alizokuja nazo zilikuwa bado mezani, hakuna aliyezigusa.

"Kila nikiwasha, fyuzi inakatika," alisema Mzee Nihat, baba wa Gülbin, binti anayeposwa. "Kifaa hiki nimekinunua vipandevipande kwenye pakiti, nikakiunga mwenyewe. Ukizungusha kitufe, kinatakiwa kikupe umeme wa kujaribia vitu vyako hapo mezani, kidogo au mwingi, upendavyo. Mimi hakinipi kitu. Si wewe mhandisi wa umeme, mwanangu?"

"Ndiye huyo huyo," alidakia Rasim, ami yake Tuncay, aliyekuja kuisema posa. "Shahada kaichukua ng'ambo."

"Siku hizi kila mtu mhandisi," mzee akasema, akacheka peke yake.

Tuncay hakuhitaji hata kipimo. Dayodi nne nyeusi, vile vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, zilikuwa zimejipanga kwenye ubao wa saketi, kila moja na mstari wake wa rangi ya fedha, na moja kati yao ilikuwa imewekwa kinyume. Ubao wenyewe ulikuwa umechorwa alama ya kuonyesha mstari ukae wapi. Mzee aliyetumikia karakana ya reli pale mjini Eskişehir mpaka akastaafu, kachemka kwenye kitu kama hiki! Kicheko kilimfika Tuncay kooni, akakimeza.

Alikuwa ameonywa. Yeye na Gülbin walikuwa wameonana mara chache tu, kila mara wakiwa wamezungukwa na mashangazi, na binti hakuwahi kumpigia simu. Mchana wa leo alimpigia mwenyewe, kwa sauti ya chini.

"Baba atakuonyesha kidude chake. Tafadhali, usimkosoe. Hapendi kabisa. Utakachokiona humo ndani, wewe sifia tu. Aliyekuja kabla yako alijifanya mjuzi, na hajarudi tena."

Tangu hapo Tuncay alikuwa akitabasamu njia nzima. Msichana asiyekutaka hahangaiki kukuokoa na baba yake. Naye Tuncay alimpenda mno. Mama yake alikuwa ameshaambiwa kwamba ikiwa si huyu, basi asimtafutie mwingine.

"Umeona nini?" Mzee Nihat aliuliza. Alikuwa ameinama mbele, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Naona mkono wa fundi, mzee. Lehemu safi, nyaya zimenyooka. Wengi wakistaafu mikono hutetemeka."

"Achana na mikono yangu. Kosa liko wapi?"

"Labda transfoma. Za siku hizi zinatoka kiwandani zikiwa mbovu."

"Transfoma?" mzee akauliza. "Na dayodi je? Umeziangalia?"

Tuncay akamwonea huruma. Wazee wengine bwana, sifa hazijawahi kuwashibisha. "Nimeziangalia."

"Zote?"

"Moja moja, mzee wangu. Zimekaa kama askari kwenye gwaride. Kazi yako haina doa."

Mzee aliegemea kiti taratibu. Mkewe alijishughulisha kunyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka. Tuncay akajifuta magoti, akarudi kukaa karibu na ami yake, akiwa ameridhika kabisa na nafsi yake.

Gülbin akaingia na sinia la kahawa. Kikombe cha mposaji hutiwa chumvi, ndiyo desturi, na mposaji hukinywa bila kukunja uso. Hiki kilikuwa na chumvi ya kutosha kukaushia samaki. Tuncay alikinywa mpaka machicha, machozi yakimlengalenga, akamkonyeza binti. Binti aliangalia sinia.

Ami Rasim alisafisha koo, akakaa wima. "Mzee Nihat, kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume wake, tumekuja kumwomba binti yenu Gülbin awe mke wa kijana wetu Tuncay."

Mzee akanyanyuka, akalivuta boksi la chuma na kugusa ile dayodi kwa ncha ya kidole.

"Bwana Rasim, mmetuheshimu kwa kuja, na mimi kijana nilikuwa nimeshampenda. Lakini hii nimeigeuza mwenyewe asubuhi. Jana kifaa kilikuwa kinafanya kazi vizuri tu."

Damu ilimpanda Tuncay usoni. "Mzee, niliiona! Wallahi niliiona tangu mwanzo!"

"Uliiona, ukaniambia haina doa?"

Tuncay alimtupia Gülbin jicho la kuomba msaada. Ami yake alimgeukia polepole, kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

"Basi ama hujui kazi, ama hujui kusema kweli," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kuliko hasira. "Na mnisamehe. Mimi sikupenda, niliona aibu kumtega mgeni nyumbani kwangu. Ni Gülbin aliyenishikilia wiki nzima: 'Baba, geuza dayodi moja. Kama ni mhandisi kweli, ataiona na kukwambia kabla kahawa yangu haijachemka.'"