Mnara Juu ya Rundo

Bibi Damari alitema mate, akaokota jiwe kwa mkono wa kushoto, akalitupa juu ya rundo, kisha akaendelea na safari yake ya kisimani. Wala hakupunguza mwendo.

Anuari alikunja uso. Alikuwa amesimama kando ya rundo hilo, futi kamba mkononi, viatu vyake vya Dar es Salaam vimejaa vumbi. Tangu asubuhi kila mpita njia alifanya vivyo hivyo. Washamba hawa, aliwaza, hata kuwaenzi wafu wao hawajui. Jiwe la heshima huwekwa kwa mkono wa kulia, tena kwa kuinama. Lakini utamfundisha nani hapa?

Alikuwa msanifu majengo, mwenye kampuni yake tangu ruksa ya biashara huria iingie na kila mwenye tai akafungua kampuni. Wafadhili walikuwa wamejitolea kujenga mnara wa kumbukumbu ya watu walionyongwa na Wajerumani hapa chini ya mlima wa Kilimatinde, na Anuari aliipigania kazi hiyo kufa na kupona. Sababu yake hakumwambia mtu. Babu yake, Amri bin Athumani, alichukuliwa na Wajerumani kutoka Singida mjini kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, akaishia huku huku. Familia haikupata hata kaburi la kusomea Yasini. Baba yake alikata roho akilia kwa ajili hiyo.

"Mtafute," alimwambia. "Mtu hapotei kama mbuzi."

Jioni kijiji kilikusanyika mbele ya ofisi ya kata. Wazee walikaa kwenye benchi, Anuari akasimama. Shikamoo alitoa moja, ya jumla, kama mtu anayemwagia kuku mtama.

"Pale kwenye mawe amelala nani?" aliuliza.

"Pale, injinia, kuna mtu wa kanzu," alijibu Mzee Mughwai. "Mgeni, alikuja na Wajerumani. Sasa siku Wajerumani walipo..."

"Walichofanya Wajerumani nakijua, mzee. Nimekisoma." Moyo ulikuwa unamwenda mbio. Mtu wa kanzu! Katika nchi hii ya watu waliovaa ngozi, nani mwingine angevaa kanzu? "Basi mnara utasimama palepale, juu ya mawe. Kila apitaye amkumbuke."

Wazee walitazamana.

"Unataka kumjengea yule?" aliuliza Bibi Damari.

"Ndiyo. Asisahaulike milele."

Mzee Mughwai aliangua kicheko mpaka kikohozi kikamshika. "Mjengee, injinia," alisema akifuta machozi. "Tena mrefu, uonekane toka barabara ya Manyoni."

"Ila utuachie nafasi ya kutupia mawe," Bibi Damari aliongeza.

Anuari alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Ushamba ni mzigo, lakini mjanja huuza hata mzigo. Alichora ukuta wenye dirisha pana la kupitishia mawe, akawaambia wafadhili kwamba huo ni usanifu shirikishi. Wafadhili walipiga makofi.

"Na wale walionyongwa," aliuliza, kwa adabu tu, "hamtaki majina yao yaandikwe?"

"Ya nini?" Bibi Damari alishangaa. "Wale wamo majumbani. Kila mmoja tulimpa mtoto jina lake, na mtoto akampa mjukuu. Mughwai huyu ni mmoja wao. Alute wangu ni mwingine. Ukiita kisimani, wanaitika."

Jambo hilo lilimuuma Anuari kuliko alivyotarajia. Katika siku zote alizokaa pale hakusikia Amri hata mmoja. Babu yake amekufa katika nchi yao, wao wamejaza nyumba kina Mughwai na kina Alute, na yeye hawakumpa hata kichanga. Watu wasio na shukrani. Basi jina hilo atawaandikia yeye mwenyewe, kwa marumaru, herufi za shaba, walisome wakitaka wasitake. Jina moja litabeba wote.

Siku ya uzinduzi mkuu wa wilaya alihutubia kwa kirefu. Wanakijiji waliketi juani, kila mtu na jiwe lake mapajani. Anuari alikuwa na hotuba yake kichwani, fupi, yenye sentensi moja aliyoitunza tangu baba yake azikwe: huyu aliyelala hapa ni babu yangu.

Kitambaa kikavutwa. Mkuu wa wilaya akasoma kwa sauti: "Amri bin Athumani. Hatutakusahau."

Umati ukalirudia jina hilo taratibu, kama watu wanaoonja chumvi. Kisha vigelegele vikalipuka. Wazee walisimama, wanawake wakacheza, na Anuari akahisi machozi yakimlenga. Kumbe wana moyo, hata hawa. Alifungua kinywa aseme sentensi yake.

Bibi Damari alimwahi. Alimshika mkono kwa nguvu, macho yakimng'aa.

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie! Wazee wetu walipompiga mawe, siku Wajerumani walipokimbia, walikataza asitajwe, hata jina likatupotea. Sisi tumezeeka tukimtemea mate mtu tusiyemjua jina, yule aliyekuwa akiwaandikia Wajerumani nani anyongwe. Sasa hata wajukuu watamtukana kwa jina lake."

Akaligeuza jiwe lake, akalifuta vumbi kwa khanga.

"Jiwe la kwanza ni heshima yako," alisema, akamwekea kwenye kiganja cha kushoto.