Asali na Mizinga

Nyegere na mkewe walipoachana, walikwenda kwa Kakakuona awagawie mali: mtungi wa asali na mizinga yao.

"Nakuhurumia, mama watoto," alisema Nyegere. "Chukua asali yote. Mimi nitabaki na mizinga mitupu, imekwisha kurinwa."

Watoto walikuwa na njaa. Mama akanyoosha mkono kuelekea mtungi, kisha akasita. Asali ile ingeisha kabla ya kiangazi. Baada ya hapo wangekula nini?

"Kubwa apewe mkubwa," akasema. "Chukua wewe asali. Mimi nipe hiyo mitupu."

Nyegere akaruka. "Thubutu! Na nyuki wangu je?"

"Kumbe ina nyuki," akasema Kakakuona. Akagawa asali nusu kwa nusu, na mizinga vivyo hivyo.

Mama akajitwika fungu lake, akaondoka na wanawe.