Mtihani wa Kuongea

Mtahini alimsogezea Ghassan glasi ya maji, akatabasamu. "Swali la mwisho hili, nalo ndilo litakaloamua. Wikendi huwa unafanya nini?"

Lilikuwa swali jepesi. Kiswidi chake kilitosha kulijibu, na hata kumchekesha mtahini.

Lakini manispaa ya mji wa Gävle, Uswidi, ilikuwa imemwambia waziwazi: akishafaulu, hatapewa tena mtu wa kujitolea wa kuzungumza naye Kiswidi. Mtu wake alikuwa bibi mmoja mjane aliyemjia kila Jumamosi na maandazi ya mdalasini. Tangu Ghassan ahame kutoka Homs, Syria, hakuna mwingine aliyewahi kugonga mlango wake. Majirani walimpungia mkono kwenye ngazi, kisha wakajifungia ndani.

"Siku hizi unaongea kama mtangazaji wa redio," bibi alimtania Jumamosi iliyopita. "Huo mtihani si kitu kwako."

Kisha akawa anakusanya makombo mezani kwa kidole kimoja, na hata yalipokwisha kidole kiliendelea. "Sijui watanipa nani baada yako. Labda hawatanipa mtu."

"Ghassan?" mtahini aliita. "Usiwe na haraka."

Ghassan alishika glasi. Jibu zima lilikuwa tayari mdomoni.

"Samahani," alisema, akiyavunjavunja maneno. "Mimi... hapana elewa."

Mtahini alimtazama kwa huruma, akaandika kwenye fomu: hajafaulu.

Nje, kwenye theluji, Ghassan alimpigia bibi simu. "Nimefeli."

"Mwongo mkubwa wewe," bibi alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Jumamosi nije saa ile ile?"