Mama Hampishi Mkwe

Siku hizi marehemu tunawasakinisha kwenye kompyuta. Kila nyumba ina mashine pepe moja, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta, yenye nafasi ya mtu mmoja. Ilikuwa arobaini ya mke wangu, Zamoyoni. Jua likizama hajawashwa, taswira yake, faili lenye nakala yake nzima, inafutwa. Niliipachika kwenye mashine tangu asubuhi, lakini kila nikiwasha, kwenye skrini anatokea marehemu mama yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Nazima, nawasha, mama. Hata alipokuwa hai hakuwahi kumpisha mkwe jikoni.

Alasiri nikampigia shemeji yangu Kombo, fundi.

"Mashine inasoma diski kwanza, na mama yako yumo humo," alisema. "Itangulize taswira."

"Halafu?"

"Itakuuliza kama ifute diski. Kubali, shemeji. Dada yangu anangoja."

Nikabadili mpangilio. Mama hakutokea. Likaja swali lile, jeupe kwenye skrini nyeusi, na kidole kikagoma. Nikasema ngoja nimuage kwanza, ni mama yangu. Nikarudisha mpangilio wa zamani.

Akaulizia majirani mmoja mmoja, na mimi nikamjibu, namtungia na uongo wa kumchekesha. Alicheka sana.

"Sasa mbona hujawasha taa, baba?" akasema. "Giza limeingia."